Somo la Kikundi: Wavu wa Matofali kwa Jiko la Kuni



Ndugu na dada wa vikundi vya kujisaidia, mara nyingi katika ukurasa huu tumezungumza juu ya katiba, daftari la pesa na uchaguzi wa viongozi. Leo tunainama chini ya sufuria. Tunataka kujenga wavu, yaani ile sakafu yenye matundu ambayo kuni hulala juu yake na jivu huanguka chini yake. Wavu wenyewe ni matofali manne tu. Lakini sisi tuliifanya kazi hii vibaya mara mbili kabla ya kuipata, na pesa iliyopotea ilikuwa pesa ya wanachama.

Kikundi tunachokizungumzia kiko hapa Mowlem. Ni kina mama wanaochemsha githeri na maharagwe na kuwauzia majirani kwa kikombe. Wengi mnaijua biashara hii. Mtu anayerudi jioni kutoka kibaruani hawezi kuwasha moto wa masaa matatu kwa ajili ya vikombe viwili vya maharagwe. Ananunua yaliyoiva, anakaanga na kitunguu na nyanya, watoto wanakula. Kwa hiyo jiko la kikundi likizimika, si kikundi peke yake kinachopata hasara. Kuna nyumba zitakazolala na chai ya rangi.

Mwanzoni walipikia juu ya mawe matatu nyuma ya ploti. Moshi ulipanda mpaka kwenye kamba za nguo za gorofa ya pili na ya tatu. Majirani wakalalamika, na mwenye ploti akasema wajenge jiko la maana ama wahame. Hatukumlaumu. Kina mama wenyewe walikuwa na macho mekundu na kikohozi kisichoisha, na mmoja wao alikuja kikundini na mtoto mgongoni kila siku. Yule mtoto alivuta moshi kama mama yake.

MAKOSA YETU MAWILI

Kosa la kwanza lilikuwa chuma. Tulikubaliana na fundi wa jua kali, akachomelea nondo zikawa wavu mzuri wa kupendeza. Baada ya muda nondo zilianza kulegea katikati kama kitanda cha kamba kilichozeeka, kwa sababu chuma kikikaa ndani ya makaa mekundu siku nzima hulainika na kuliwa polepole. Hata hivyo hatukungoja kuona mwisho wake. Jumatatu moja tulikuta shimo tupu. Wavu ulikuwa umekwenda kwa mizani ya vyuma chakavu. Hapa Eastlands chuma hakilali nje, hilo mnalijua. Hata Serikali yenyewe ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa kuanzia Januari 2022, baada ya watu kuharibu minara ya stima. Kama minara ile mirefu haikupona, wavu wa githeri ungeponea wapi?

Ndipo tukasema, basi, matofali. Hakuna anayeiba tofali lililoungua. Na hapo tukafanya kosa la pili, ambalo ni baya zaidi kwa sababu lilitoka kwetu sisi wafanyakazi wa maendeleo wenye vyeti. Tuliyapanga matofali ya wavu juu ya shimo la jivu, tukayafunga kwa simiti kila upande, tukapiga lipu, tukapiga na picha. Wiki ya tatu tofali moja lilikatika katikati wakati sufuria inachemka. Kuni na makaa vikaporomoka, makaa yakatoka kwa mlango wa jivu na kumwagikia mguu wa mama aliyekuwa anakoroga. Alikuwa amevaa kandambili. Alikaa nyumbani karibu mwezi, na kikundi kikalipa dawa kutoka kwenye mfuko wa akiba.

Tulikaa chini na kuuliza kwa nini. Sababu ni mbili. Kwanza, tofali likipata joto hupanuka. Ni kidogo tu, jicho halioni, lakini kama umelibana kwa simiti kila upande halina pa kwenda, basi linajivunja lenyewe. Pili, simiti si kitu cha moto mkali. Simiti hushika kwa sababu ya maji yaliyojifunga ndani yake, na moto wa kuni huyafukuza maji hayo. Baada ya hapo simiti hubaki unga unaosuguliwa kwa kidole.

Kwa hiyo neno kubwa la somo letu ni hili: wavu ni kitu cha kuliwa na moto. Uweke legelege, usiujengee, ili uweze kupanuka leo na kubadilishwa kesho. Kuta za jiko zijengwe za kudumu, lakini wavu ni kama pedi za breki za matatu: zimewekwa pale ziishe, na gari liendelee.

KWA NINI TUSIACHE WAVU KABISA

Mama mmoja aliuliza hivyo, na ni swali zuri. Kuni zikilala juu ya jivu, hewa haifiki chini. Makaa ya chini yanajifunika na kulala, na kuni za juu zinafuka badala ya kuwaka. Moshi ni nini? Ni sehemu ya kuni ambayo haikuungua. Ulilipa pesa, ikapanda hewani na kuingia machoni mwa jirani.

Ukiweka wavu, hewa inaingia kwa mlango wa jivu, inapita kati ya matofali na kupata joto njiani, kisha inakutana na makaa kutoka chini. Makaa yanawaka mpaka yaishe. Si jambo geni kwetu. Angalieni ndani ya lile jiko la makaa la udongo na bati, ambalo lilianza kuenea Kenya miaka ya 1980 na ambalo mafundi wa Shauri Moyo walilifanya kazi ya kila siku. Sakafu yake ni udongo wenye matundu. Sisi tunafanya lile lile kwa ukubwa wa sufuria ya lita 50.

VIFAA

Tafuteni matofali ya udongo yaliyochomwa vizuri, ya inchi 9 kwa 4 na nusu kwa 3. Ligonge tofali kwa jingine: likilia kama kengele ni zima, likilia kama ubao limepasuka ndani au halikuiva. Matofali ya simiti hayafai kabisa ndani ya jiko. Mawe ya mtoni pia msiyaweke karibu na moto, maana maji yaliyojificha ndani yake yakigeuka mvuke jiwe linaweza kuruka vipande. Kwa wavu wenyewe, mkipata matofali yaliyotengenezwa kuvumilia moto, kama yale ya matanuri, nunueni manne na mawili ya akiba. Bei yake ni kubwa, lakini ni sita tu. Msipopata, chagueni yale yaliyolia vizuri kuliko mengine.

Udongo wa kujengea ndani usiwe ule mweusi wa hapa kwetu. Udongo mweusi wa Eastlands hufura wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua, mmeona kuta za nyumba zinavyofanya. Tafuteni udongo mwekundu, hata gunia moja tu kutoka kwa mtu anayechimba msingi upande wa Kiambu. Saga matofali yaliyovunjika, chekecha, kisha changanya kipimo kimoja cha udongo na vipimo viwili vya unga huo wa matofali. Koroga na maji kidogo mpaka ushike kama ugali. Simiti tumieni nje tu, mahali ambapo mkono unaweza kukaa bila kuungua.

KAZI YENYEWE

Anzeni na msingi. Ondoeni udongo mweusi kina cha futi moja, jazeni mawe na kokoto, shindilieni sana. Jiko lililojaa githeri ni zito, na likiinama upande mmoja sufuria itainama nalo.

Juu ya msingi jengeni shimo la jivu. Liwe na upana wa inchi 7 na urefu wa inchi 16 kwenda ndani, kimo cha matofali mawili yaliyolala, yaani kama inchi 6. Upande wa mbele uache wazi wote. Huo ndio mlango wa jivu, na ndio pua ya jiko. Wengi huupunguza wakidhani kwamba tundu dogo ni salama zaidi. Pua ndogo, pumzi ndogo.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo fundi wetu wa kwanza alipotea. Mkifika juu ya shimo la jivu, msiendelee kupandisha ukuta mahali pale pale. Urudisheni nyuma inchi moja na nusu kila upande, ili chumba cha moto kiwe na upana wa inchi 10. Kule mlikorudi nyuma panabaki ngazi ndogo kushoto na nyingine kulia. Wavu utalala juu ya ngazi hizo mbili.

Chukueni yale matofali manne ya wavu. Msiyalaze kifudifudi, maana tofali lililolala hivyo ni jembamba na hukatika haraka. Yasimamisheni kwa ubavu, upande wa inchi 3 uangalie juu, na inchi 4 na nusu ziwe kimo. Kila tofali livuke shimo kutoka ngazi hii mpaka ile. Tofali lina inchi 9 na shimo lina inchi 7, kwa hiyo kila ncha inakalia inchi moja ya ngazi, na kati ya ncha na ukuta inabaki nafasi ya nusu inchi. Nafasi hiyo msiizibe! Wakati wa kujenga mtu mmoja atataka kuizibazibia ili ipendeze. Mzuieni.

Kati ya tofali na tofali acheni robo tatu ya inchi, na nafasi kama hiyo mbele na nyuma. Matofali manne ya inchi 3 ni inchi 12, nafasi tano zinakaribia inchi 4, jumla ni zile inchi 16 za shimo. Maana yake karibu robo ya sakafu ni matundu. Tulijaribu matundu ya nusu inchi yakajaa jivu kabla ya saa sita. Ya zaidi ya inchi moja yaliangusha makaa mazima chini, na makaa hayo ni moto wenu unaopotea. Ili matofali yasitembee, wekeni kipande kidogo cha tofali kati yake kwenye kila ncha, bila udongo wowote. Mkitikisa yatikisike kidogo. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Kuta za chumba cha moto zipande mpaka chini ya sufuria iwe juu ya wavu kama inchi 11. Mkiikaribisha zaidi, ndimi za moto zinagonga sufuria baridi na kutoa masizi. Mkiipandisha sana, mnapasha hewa. Mbele, acheni mlango wa kuni juu ya ule wa jivu, na juu ya mlango huo lazeni tofali refu au kipande cha jiwe la kujengea. Sufuria ikae juu ya vipande vitatu vya tofali, ukuta uizunguke kwa karibu, kidole kimoja kipite, na nyuma muache tundu la bomba la moshi la inchi 6. Bomba lipite paa. Hiyo kazi ya bomba mwachieni fundi wa bati, na mwelewane na mwenye ploti lielekee wapi kabla ya kutoboa chochote.

Mbele ya mlango wa jivu, kwa sababu ya ule mguu tuliousimulia, jengeni kizingiti cha tofali moja, futi mbili kutoka jikoni. Makaa yakidondoka yataishia hapo. Na kandambili zibaki nyumbani.

Sasa ngojeni. Hapa vikundi vingi hushindwa, maana jiko jipya linaonekana tayari na wateja wanauliza. Liacheni wiki mbili likauke kivulini. Kisha siku tatu washeni moto mdogo wa vijiti tu, saa moja asubuhi na saa moja jioni, bila sufuria. Maji yaliyomo ukutani lazima yatoke polepole. Mkiyafukuza kwa moto mkubwa yatatoka kwa nguvu na kupasua.

WATU WA SUKARI NGURU

Wale mnaotoka upande wa Kakamega mmeyaona majiko ya sukari nguru. Sisi tuliyaona tulipokwenda ziara ya mafunzo huko, na tulijifunza mengi kwa kusimama tu na kutazama. Karai kubwa pana limewekwa juu ya tanuri la matofali, maji ya miwa yanachemka kwa kishindo, mvuke umejaa banda lote, na kijana mmoja kazi yake ni kusukuma makapi ya miwa yaliyokauka motoni. Hapumziki. Mwingine anazoa jivu. Tuliuliza kwa nini moto mkubwa hivyo, wakacheka. Maji ya miwa, zaidi ya robo tatu yake ni maji matupu, na yote lazima yaende hewani ndipo sukari ibaki.

Tuliporudi Mowlem tuliona jambo la ajabu: sufuria ya githeri ilikuwa inapikwa vile vile! Kuni zimejaa mlangoni, sufuria wazi, githeri inaruka, mvuke unapanda, na kila baada ya muda mama anaongeza maji. Yaani tulikuwa tunatengeneza sukari nguru bila miwa.

Hebu tufikiri pamoja. Kuyatoa maji kwenye baridi ya bomba la Nairobi mpaka yachemke ni kazi moja. Kuyageuza maji hayo hayo yote kuwa mvuke ni kazi karibu mara saba ya ile ya kwanza. Kila lita inayopotea hewani imekula kuni ambazo zingechemsha lita saba mpya. Na je, maharagwe yanaiva haraka zaidi yakichemka kwa fujo? Hapana. Maji yakishaanza kuchemka hayaongezi joto hata ukiweka msitu mzima chini yake. Tena Nairobi iko juu sana, kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi kama 94 au 95, si 100 kama Mombasa. Ndiyo maana maharagwe yanachelewa huku kwetu. Dawa yake ni kuyaloweka usiku, kifuniko kizito, na moto mdogo unaotekenya tu.

Wavu wa matofali unasaidia sana hapo. Mkishafikisha mchemko, vuteni kuni nje, yaacheni makaa yaliyokaa juu ya wavu yafanye kazi, na zibeni nusu ya mlango wa jivu kwa tofali. Matofali yamebeba joto la asubuhi nzima na yanaendelea kulitoa. Tulihesabu mafungu ya kuni kwa daftari kabla na baada. Tuwaambie ukweli: akiba kubwa zaidi ilionekana siku tulipoanza kutumia kifuniko na kuvuta kuni. Wavu ulitupa moto safi tunaoweza kuutawala. Lakini mtu akijenga wavu mzuri na kuacha sufuria wazi, asije akatuuliza akiba iko wapi.

MSICHOME KILA KITU

Kuni za mjini ni mabaki ya mbao. Ni sawa, lakini chagueni. Mbao zilizopakwa rangi, nguzo za ua zenye rangi ya kijani za dawa ya kuzuia mchwa, mbao za gundi, mipira na plastiki zisiingie jikoni hata kama ni za bure. Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, na zile nguzo za kijani zinaweza kuwa na arseniki. Vitu hivi haviungui vikaisha. Vingine hupanda na moshi, vingine hubaki kwenye jivu mnalomwagia sukuma wiki.

Sisi wa upande huu hatuhitaji kuhubiriwa sana. Jaa la taka la Dandora ni jirani yetu. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti ya uchunguzi wa watoto 328 waliokuwa wakiishi na kusoma karibu na jaa hilo. Nusu yao walikuwa na risasi nyingi mno katika damu. Moshi wa jaa hatuwezi kuuzima kesho, lakini wa jiko letu tunaweza kuuchagua.

UTUNZAJI

Jivu lizolewe kila asubuhi jiko likiwa baridi. Jivu likipanda mpaka likagusa wavu, hewa inakatika na matofali yanapata moto juu na chini hadi kupasuka. Msimwage maji kwenye wavu wa moto, hata kama mnaharakisha kufunga. Kila Jumamosi mmoja apitishe mkono. Tofali lenye ufa litolewe siku hiyo hiyo na la akiba liwekwe. Ni kazi ya dakika tano, na haihitaji fundi. Andikeni kwenye daftari tarehe mliyolibadilisha, ili mjue tofali moja linawapa miezi mingapi na bei yake iingie kwenye hesabu ya kikombe cha githeri.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Someni Luka 14:28-30 juu ya mtu aliyetaka kujenga mnara. Katika kikundi chetu, ni kazi gani tuliyoianza bila kuhesabu gharama ya kuitunza? Nani alilipa hasara?

2. Mama aliyeungua mguu alilipiwa dawa, lakini siku zake za kazi hazikulipwa. Je, katiba yetu inasema nini mwanachama akiumia kazini? Kama haisemi, iseme nini?

3. Wiki hii pimeni: maji mangapi mnaongeza kwenye sufuria moja mpaka iive? Leteni jibu kwa vikombe mkutano ujao.

4. Nani kati yetu atajua kubadilisha tofali la wavu siku mwenyekiti hayupo? Mwandikeni jina, na wa pili wake.